Siku Gani, Saa Ngapi? Kumbukumbu ya Mtoto Aliyeteswa

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika kikao cha nidhamu cha shule moja wilayani Kyela. Binti wa kidato cha pili, aliyeeleza kwamba hupigwa nyumbani tangu utotoni, aliulizwa: "Siku gani? Saa ngapi?" Akajibu: "Huwa ananipiga tu." Kikao kikamhesabu kuwa mwongo na mkaidi.

Mimi ni mwanahistoria, na ushahidi wa namna ile nilikwisha kuusoma. Ng'ambo ya Mto Songwe, huko Karonga, Mlozi aliendesha biashara ya pembe na watumwa hadi aliponyongwa na Waingereza mwaka 1895. Katika njia za misafara kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika walipitishwa pia watoto. Mmoja wao, Meli, alitekwa angali mdogo, akapita mikononi mwa watu wengi, hatimaye akakombolewa. Ukubwani alisimulia maisha yake, na simulizi za mateka kama yeye ziliandikwa na mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer. Mwaka 1993 Marcia Wright alizichapisha pamoja na uchambuzi wake.

Simulizi hizo hazikutunzwa kwa kalenda. Hata hivyo hatukuzitupa. Tulizipima kwa mazingira yake. Tena tulitambua kwamba unyenyekevu na hamu ya kumpata mlinzi, ambavyo msomaji wa haraka angeviita tabia, vilikuwa mbinu za kuishi.

Wanasaikolojia nao, tangu miaka ya 1980, wamechunguza watu ambao wakiombwa tukio moja hutoa muhtasari wa matukio mengi. Baadhi ya tafiti zimeihusisha hali hiyo na mateso ya utotoni, ingawa haimpati kila aliyeteswa.

Hili si jambo la wachache. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Basi mwalimu, afisa ustawi wa jamii na askari wa dawati la jinsia na watoto waanze na "ilikuwaje?" kabla ya "lini?", kisha wachunguze. Heshima tuliyowapa mateka wa karne ya 19 haikumfikia binti yule. Jioni ile alirudishwa nyumba ileile.