Mafuriko Bujumbura: Ni kitu gani kinafaa kujazwa katika mifuko ya kuzuia maji?

Mvua zinapozidi mjini Bujumbura, mfuko uliojazwa mchanga huwa miongoni mwa kinga za kwanza ambazo kaya isiyo na fedha nyingi inaweza kujitengenezea. Kiroba kilichokuwa na mchele au unga hujazwa, hufungwa na kulazwa mbele ya mlango. Yaonekana kazi rahisi, lakini mifuko miwili inayofanana kwa nje inaweza kutoa matokeo tofauti kabisa maji yanapofika. Mmoja hukaa mahali pake, mwingine husombwa. Tofauti hiyo hutokana na kilichomo ndani, kiasi chake, na aina ya maji yanayozuiwa.

Maji ya aina mbili

Bujumbura iko katika ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, kwenye uwanda wa Imbo, chini ya milima iliyo upande wa mashariki. Kwa sababu hiyo mji huo hukabiliwa na maji ya namna mbili.

Ya kwanza ni maji ya kasi. Mito kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani, hupita katikati ya makazi na kuingia ziwani. Mvua kubwa ikinyesha juu, mito hiyo hufurika kwa saa chache, hubomoa kingo zake, kisha hupungua.

Ya pili ni maji yanayokaa. Ziwa Tanganyika, ambalo Burundi inalichangia na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Zambia, lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, nao ni Lukuga, unaoanzia Kalemie nchini Congo. Maji mengine hupungua kwa kugeuka mvuke. Hivyo ziwa likijaa, huchukua miezi au hata miaka kurejea katika kina chake cha kawaida. Mwaka 2024 maji yalifikia karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango kilicholinganishwa na kile cha mwaka 1964.

Gatumba, mji mdogo ulio magharibi mwa Bujumbura karibu na mpaka wa Congo, hukutana na maji ya aina zote mbili, kwa kuwa uko kati ya ziwa na mto Rusizi. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake na maelfu ya wakazi wakayahama makazi yao. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa zilitoa wito wa pamoja wa msaada, zikieleza kwamba zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathiriwa na mvua na mafuriko tangu Septemba 2023.

Mfuko huzuiaje maji?

Wengi hudhani kwamba mfuko wa mchanga huzuia maji kwa sababu mchanga haupitishi maji. Sivyo. Maji hupenya mchanga, ingawa polepole. Mfuko hufanya kazi kwa mambo mawili, yaani uzito unaoufanya usisukumwe, na ulaini unaouwezesha kujibana na ardhi pamoja na mifuko ya jirani hadi mianya ikaziba.

Uzito una umuhimu wake kwa sababu nguvu ya maji huongezeka upesi kuliko kina chake. Maji yenye kina cha nusu mita husukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 125. Kina kikifika mita moja, nguvu hiyo hufikia takriban kilo 500. Kina kimeongezeka mara mbili, lakini nguvu imeongezeka mara nne.

Zaidi ya hayo, kitu kilichozama hupunguziwa uzito na maji. Mfuko wenye kilo 20 za mchanga mkavu, ukizama kabisa, hubaki na uzito wa takriban kilo 12 na nusu tu. Basi mfuko ulioonekana mzito nchi kavu huenda usiwe mzito wa kutosha siku ya mafuriko.

Kipi kijazwe?

Mchanga wa chembe za wastani, kama ule wa ujenzi, ndio chaguo bora katika hali nyingi. Ni mzito, hujazwa upesi kwa koleo, na chembe zake huteleza hadi zikaenea katika kila kona ya mfuko. Udhaifu wake ni kwamba mchanga mwembamba mno huvuja katika kitambaa chenye nyuzi zilizoachana, na maji hupenya kidogo kidogo.

Udongo wa mfinyanzi huzuia maji vizuri kuliko mchanga. Hata hivyo ukilowa hunata kwenye koleo, na ukikauka huwa mabonge magumu yanayoacha mianya. Hufaa zaidi pale ambapo maji yatakaa siku nyingi na kuna muda wa kuuponda na kuushindilia.

Udongo wa kawaida unaweza kutumika mchanga unapokosekana, mradi uondolewe mizizi, majani na mawe. Tope laini linaloachwa na mafuriko halifai sana, kwani maji ya kasi hulichukua kupitia kitambaa na mfuko hulegea.

Kokoto na kifusi ni vizito, lakini maji hupita kati yake bila shida, na ncha kali za vipande vya matofali hutoboa mfuko. Mawe yana nafasi yake katika vizimba vya waya vinavyojengwa kulinda kingo za mito. Kazi ya vizimba hivyo ni kuzuia mmomonyoko wa ukingo, si kuzuia maji yasiingie mlangoni.

Pumba za mpunga na vumbi la mbao hazifai kabisa. Mpunga hulimwa kwa wingi katika uwanda wa Imbo na pumba zake ni nyepesi kubeba, lakini wepesi huo ndio kasoro yake, kwa kuwa mfuko wa pumba huelea. Nafaka iliyoharibika nayo huoza, huvimba na kuvutia panya.

Mchanga uliochanganywa na saruji kidogo hugeuka jiwe baada ya kulowa. Hilo ni jema kwa kizuizi cha kudumu, ila haumfai mtu atakayetaka kuondoa mifuko mvua zikiisha.

Kanuni hizi hazihusu mafuriko pekee. Katika mchezo wa kulenga shabaha, mpigaji huweka kifuko chini ya kitako cha bunduki ili isitikisike, naye hukabiliwa na swali lile lile. Mchanga hutulia na kushika umbo, ilhali punje za plastiki ni nyepesi kubeba lakini hazitulii kwa kiwango hicho. Wapo wanaochagua mchanga mzito wenye madini ya zirkoni, madini ambayo katika Afrika Mashariki yamechimbwa Kwale, pwani ya Kenya. Tofauti ni kwamba mwanamichezo akikosea hupoteza alama, na mkazi wa bondeni akikosea hupoteza godoro, chakula na vitabu vya watoto.

Usijaze hadi mdomoni

Kosa la kawaida ni kujaza mfuko hadi pomoni. Mfuko uliofura huwa mgumu na mviringo, nao ukipangwa na mwenzake huacha tundu ambalo maji hupita. Jaza kati ya nusu na theluthi mbili. Kwa mfuko wa kawaida wa kazi hii, hiyo ni sawa na kilo 15 hadi 20, uzito ambao mtu mzima anaweza kuubeba mara nyingi bila kujiumiza mgongo. Kiroba kikubwa cha kilo 50 kijazwe kidogo zaidi, au kikatwe na kushonwa kuwa viwili.

Unapopanga, kunja mdomo wa mfuko na uulaze chini yake, ili uzito wa mfuko wenyewe uufunge. Panga kama matofali, mfuko wa juu ukifunika kiungo cha mifuko miwili ya chini, na kila safu ikanyagwe kwa miguu. Kitako cha ukuta kiwe na upana wa mara tatu ya kimo chake. Turubai la plastiki likilazwa upande wa maji na ncha yake ya chini ikakandamizwa kwa mifuko, maji yanayopenya hupungua sana.

Hesabu ifanywe mapema. Ukuta wa mita 10 wenye kimo cha sentimita 30 huhitaji takriban mifuko 200. Ukipandisha kimo hadi sentimita 60, idadi hupindukia 600. Ni afadhali kulinda mlango mmoja kwa uthabiti kuliko kuzungushia kiwanja kizima ukuta dhaifu.

Mipaka ya mfuko wa mchanga

Mahali unapochimbwa mchanga pana uzito kama mchanga wenyewe. Kuuchota kwenye ukingo wa mto au chini ya tuta ni kuufungulia mto njia ya kuingia kwa jirani. Vilevile, viroba vya plastiki iliyofumwa huharibiwa na jua. Vikiachwa wazi kwa miezi, hukatika na kumwaga kilichomo, kwa hiyo vifunikwe au vibadilishwe.

Baada ya mafuriko, mchanga uliolowa maji machafu usitumike kwa michezo ya watoto wala kumwagwa karibu na kisima. Maji ya mafuriko hubeba kinyesi, na Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Januari 2023. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kushika mifuko hiyo.

La mwisho ni kutambua ni maji ya aina gani yanayokukabili. Dhidi ya kijito kinachofurika kwa saa chache, mifuko iliyojazwa na kupangwa vyema inaweza kuokoa nyumba. Dhidi ya ziwa lililopanda na kukaa kwa miezi, maji yatapenya chini ya ukuta hata kama mifuko yote ni mizima. Hapo mifuko humpa mkazi muda wa kuokoa mali, nyaraka na wagonjwa. Muda huo utumike kuhama, usitumike kungoja maji yapungue.