Ubadilishaji Anwani, Si Tafsiri

Washa mashine pepe mbili kwenye VirtualBox, zote zikiwa kwenye mpangilio wa kawaida wa NAT, kisha iulize kila moja anwani yake. Zote mbili zitajibu 10.0.2.15. Anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kuna hitilafu, kwa sababu amefundishwa kwamba anwani mbili zinazofanana hazikai kwenye mtandao mmoja. Hitilafu hakuna. Kila mashine imepewa mtandao wake peke yake, lango lake likiwa 10.0.2.2, na humo ndani haioni nyenzake. Atakaye mashine hizo zizungumze zenyewe kwa zenyewe atachagua mpangilio mwingine.

Istilahi yenyewe ndiyo inayotatiza. Mwenye kuifungua NAT neno kwa neno hupata "tafsiri ya anwani za mtandao", na wanafunzi huikariri hivyo bila kupata picha yoyote. Tafsiri hubeba maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na matini ya awali hubaki palepale kwa anayetaka kuirejea. Anwani ya mtandao haina maana ya kubebwa. Ni namba ya mahali. Kompyuta mwenyeji inapopokea pakiti kutoka kwa mgeni wake, yaani mashine pepe, hufuta anwani ya mtumaji, huandika ya kwake, hukokotoa upya namba ya uhakiki, kisha huweka kumbukumbu ya ilichofanya. Kazi hiyo naiita ubadilishaji anwani, na kumbukumbu yake naiita jedwali la miunganisho. Maneno haya mawili yafundishwe pamoja, kwa kuwa ubadilishaji usio na jedwali ungeyaacha majibu yote bila pa kwenda.

Tuchukue Linux yenye libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, ambayo kwa kawaida huwapa wageni anwani za 192.168.122. Mgeni mwenye 192.168.122.57 anafungua tovuti: pakiti inatoka kwenye mlango wake 43210 kuelekea mlango 443 wa seva ya mbali. Mwenyeji, tuseme ni 192.168.1.20, anaibadilisha anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali kwamba mazungumzo haya ni ya 192.168.122.57. Mgeni mwingine akiiendea seva hiyohiyo kwa mlango uleule 43210, mwenyeji humbadilishia na namba ya mlango, la sivyo majibu yangechanganyikana. Shule nzima yaweza kutumia S.L.P. moja, lakini jina la mwanafunzi linabaki juu ya bahasha na ndilo linalomfikishia barua. Hapa hata jina limefutwa. Imebaki namba ya mlango, na anayejua ni ya nani ni mwenyeji peke yake, tena kwa muda: kwa kawaida Linux huyatunza mazungumzo ya TCP yaliyokwisha kuunganika kwa siku 5 hata yakiwa kimya, ilhali pakiti ya UDP isiyojibiwa husahauliwa baada ya sekunde 30.

Ndiyo maana mtu wa nje hawezi kuanza mazungumzo na mgeni. Pakiti yake inafika kwa mwenyeji, jedwali linatazamwa, hakuna mstari unaolingana nayo, basi inaishia hapo. Ukitaka seva iliyo ndani ya mashine pepe ifikiwe, lazima uandike kanuni ya kudumu: uelekezaji mlango. Mfano uliozoeleka ni mlango 2222 wa mwenyeji kuelekezwa kwenye 22 wa mgeni, ili uingie kwa SSH. Hapa nasisitiza jambo moja: kwenye VirtualBox, ukiacha wazi nafasi ya anwani ya mwenyeji, mlango huo unasikiliza pande zote, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi uliyojiunga nayo anaweza kuubisha. Andika 127.0.0.1 kama unauhitaji wewe peke yako.

Neno "mwenyeji" nalipenda kwa sababu linabeba wajibu. Kumbukumbu za seva za nje hazimtaji mgeni hata mara moja. Lolote atakalolifanya litaandikwa kwa anwani ya aliyempokea. Kwa hiyo usimamizi wa NAT ni kazi ya mwenyeji. Kwenye Linux yenye libvirt, mpangilio wa ip_forward, unaoruhusu pakiti kupitishwa, usipokuwa 1, pakiti za wageni hazipiti hata kanuni nyingine zote zikiwa sahihi. Kanuni iitwayo MASQUERADE inafaa kwa kompyuta ya mkononi, kwani huchukua anwani yoyote ambayo mwenyeji anayo wakati huo. Seva yenye anwani isiyobadilika haiihitaji, hutajiwa anwani yake mara moja. Kwenye Windows yenye Hyper-V, mwenyeji mmoja huwa na mtandao mmoja tu wa NAT, hivyo programu mbili zinazoutaka zitagombana.

Ugomvi ulio mgumu kuutambua ni wa safu za anwani. Weka libvirt ndani ya mashine pepe ambayo yenyewe inaendeshwa na libvirt: nje ni 192.168.122, na ndani ni 192.168.122. Mashine ya kati haijui tena lango lake liko upande gani. Dawa ni kuibadilisha safu ya ndani, kwa mfano iwe 192.168.130, kabla ya kuwasha mgeni yeyote. Safu za kuchagua ni nyingi: tangu Februari 1996, waraka wa RFC 1918 umetenga 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 kwa matumizi ya ndani, na mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa.

Kjeld Egevang na Paul Francis walipoieleza NAT katika RFC 1631, Mei 1994, waliitoa kama suluhisho la muda mfupi kwa uhaba wa anwani za IPv4, ambazo jumla yake ni bilioni 4.3 hivi. Leo ubadilishaji hurudiwa njiani: mwenyeji hubadilisha, ruta ya nyumbani hubadilisha, na kampuni nyingi za simu hubadilisha tena, zikitumia safu ya 100.64.0.0/10 iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ukielekeza mlango kwenye mwenyeji na bado rafiki yako wa mji mwingine hakufikii, kagua majedwali yaliyo mbele ya mwenyeji. La ruta yako unaweza kulihariri. La kampuni ya simu huna ufunguo wake.