Kutoka Mdomoni hadi Kidoleni: Historia Fupi ya Pipeti

Siku ya kwanza maabara tunaambiwa: usinyonye kitu kwa mdomo. Wengi hucheka. Nani angethubutu? Lakini mpaka miaka ya 1970 wanasayansi wengi, hata katika vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani, walifanya hivyo kila siku.

Pipeti ya zamani ilikuwa mrija wa kioo wenye alama za kipimo. Mtumiaji alichovya ncha moja katika kimiminika, akatia nyingine mdomoni, akavuta. Kimiminika kikipita alama, aliziba tundu la juu kwa kidole, kisha akakilegeza kidogo kidogo mpaka kiwango kikae sawa. Aliyezoea alipima vizuri. Aliyeteleza alimeza, na huenda alichomeza ni asidi, damu ya mgonjwa au vijidudu. Mwaka 1893, nchini Ufaransa, daktari mmoja alinyonya kwa bahati mbaya vijidudu vya homa ya matumbo, akaugua. Wengine waliziba tundu la juu kwa pamba, lakini mdomo ulibaki palepale.

Mabadiliko yalitoka Marburg, Ujerumani. Mwaka 1957 daktari kijana, Heinrich Schnitger, alikuwa akipima matone madogo kwa mdomo, mara nyingi kwa siku, na kazi ikamchosha. Alichukua bomba dogo la sindano, akaliwekea springi ya kurudisha pistoni na ncha ya plastiki inayotolewa. Baina ya pistoni na kimiminika aliacha hewa, hivyo kimiminika hakikugusa chombo chenyewe, bali ncha tu. Akaongeza springi ya pili, ya kusukuma tone la mwisho. Kampuni ya Eppendorf ya Hamburg ikachukua haki ya kuitengeneza, na ikaanza kuiuza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Schnitger hakuishi kuona ilivyoenea. Alifariki mwaka 1964. Katika miaka ya 1970, Warren Gilson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walileta pipeti ambayo mtumiaji huweza kubadilisha kipimo chake.

Ukiijua historia hii, kanuni tunazokaririshwa zinapata maana. Tunabonyeza hadi kituo cha kwanza kabla ya kuvuta, na hadi cha pili wakati wa kutoa, kwa sababu zile springi ni mbili. Anayevuta kutoka kituo cha pili huchukua kupita kiasi. Tunaachia kidole taratibu, kwani kimiminika kikirushwa juu kitaingia ndani ya pipeti, mahali ambapo Schnitger aliweka hewa tupu. Tunashika pipeti wima, maana ikilala kipimo hupotoka. Na tunabadilisha ncha kila tunapohamia sampuli nyingine, kwa kuwa ncha ndiyo pekee inayogusana nayo. Ukiirudia, umebeba ya jana kuyatia katika ya leo.

Anayetaka kujipima mwenyewe ana njia rahisi. Maikrolita 1000 za maji zina uzito wa karibu gramu 1. Apime mara kumi juu ya mizani, atazame kama tarakimu zinakubaliana.

Mdomo umeondoka maabara, lakini uzembe haujaondoka. Waliotutangulia walilipia kwa afya zao. Sisi tukikosea, aghalabu hatuugui. Inayoharibika ni sampuli, na pengine majibu ya mgonjwa anayetusubiri.