Taji la Beji Halisemi Uongo

Beji za Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902, leo ni biashara. Na penye biashara, bandia haikosekani. Mimi huanza na taji. Enzi ya wafalme, matao yake yalipanda yakaviringana juu. Elizabeth aliporithi kiti mwaka 1952, taji lilichorwa upya, matao yakabonyea katikati. Basi ukiuziwa beji yenye taji lililobonyea, eti ilikwenda vitani Burma mwaka 1944, kataa. Kisha igeuze nyuma: ya kumiminwa aghalabu ina vijishimo. Wazee wetu waliopigana huko, wengi hawakuacha kitabu. Kidogo walichoacha kisichanganywe na chuma cha juzi.