Saa ya Mkononi Inajuaje Tumechoma Kalori Ngapi?

Mnaotusoma kila mara mnajua kawaida yetu: tunachukua kitu kidogo ambacho kiko mikononi mwetu na kuuliza kimetoka wapi. Leo ni zamu ya saa za wakimbiaji, zile zenye taa ya kijani chini.

Tangu Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kukimbia kambini si mchezo wa kupitisha muda tu. Timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma na kufanya mazoezi Ngong kwa Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera siku ya ufunguzi. Vijana wengi waliona, na asubuhi barabara za vumbi hapa Nakivale zina watu wanaokimbia. Wageni wanaotutembelea walikuwa wanaleta viatu. Siku hizi wanaleta na saa.

Shida ilianza na namba moja tu kwenye hizo saa, ile ya kalori. Mwenzetu mmoja alivaa saa mbili za kampuni mbili, moja kila mkono, akakimbia njia yetu ya kawaida. Kilomita zilikaribiana. Dakika zilikuwa sawasawa. Lakini kalori zilipishana karibu sahani nzima ya posho! Tulicheka sana. Halafu wiki iliyofuata, kwenye mafunzo fulani, dada mmoja wa kundi letu akaambiwa na mtu aliyekuja kujitolea kwamba saa inaonyesha amechoma kidogo, kwa hiyo jioni apunguze kula. Hapo kicheko kiliisha. Mtu mwenye friji anaweza kucheza na hiyo namba. Kwa mtu anayekula mara moja kwa siku, ni habari nyingine. Ndio maana tulitaka kujua namba hiyo inazaliwa wapi.

Habari inaanzia Paris, Ufaransa, majira ya baridi ya 1782 kwenda 1783. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walichukua simbilisi, wale wanyama wadogo ambao kule Kivu ya Kusini watu wanawafuga jikoni, wakamweka ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mwili wake liliyeyusha barafu, na wao wakapima maji yaliyotoka. Walipima pia hewa aliyoitoa. Wakaona kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole, kama mkaa, ila bila moto. Lile neno letu la "kuchoma" kalori lina ukoo na yule mnyama kwenye barafu.

Miaka michache baadaye Lavoisier alimpima binadamu, msaidizi wake Armand Seguin, aliyevaa barakoa usoni na kukanyaga pedali ya kuinua uzito. Akifanya kazi, oksijeni aliyotumia iliongezeka. Akisaga chakula tumboni, iliongezeka pia. Akiwa kwenye baridi, vilevile. Na hapa kuna kitu ambacho wengi wanaosimulia habari hii wanakiruka. Katika maandishi yake ya 1789, mwaka wa mapinduzi, Lavoisier aliuliza kwa nini maskini anayeishi kwa mikono yake analazimika kutumia mwili wake kuliko tajiri aliyekaa, wakati tajiri ndiye mwenye chakula kingi. Yaani tangu mwanzo hesabu hii ilikuwa na swali la nani anakula. Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1794, kwa sababu alikuwa mkusanya kodi wa mfalme. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kazi kubwa iliyofuata ilifanyika Marekani. Katika miaka ya 1890, Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga chumba kidogo Middletown, Connecticut, ambamo mtu aliweza kukaa siku kadhaa: analala, anakula, anaendesha baiskeli isiyokwenda popote, na joto lake lote na hewa yake yote vinapimwa. Kutoka kwa Atwater tulipata hesabu ambayo bado iko nyuma ya pakiti ya biskuti: gramu moja ya protini kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. (Kalori tunayoandika hapa ni ile kubwa ya kwenye pakiti, ambayo wataalamu wanaiita kilokalori.) Mwaka 1911 Mwingereza C. G. Douglas alitengeneza mfuko wa kubeba mgongoni, unaokusanya pumzi ya mtu akiwa anatembea au anakimbia. Sasa mtu aliweza kupimwa nje ya chumba.

Angalieni vizuri: mpaka hapo, kila mtu aliyepewa namba alikuwa amepimwa yeye mwenyewe, kwa pumzi yake au joto lake.

Mambo yalibadilika mwaka 1919. J. Arthur Harris na Francis Benedict, Wamarekani, walichapisha hesabu zilizotokana na vipimo vya wanaume 136 na wanawake 103. Baada ya hapo hukuhitaji tena kumpima mtu pumzi. Unaandika uzito, urefu, umri na jinsia, unapata makadirio ya nguvu anayotumia mwili wake ukiwa umepumzika. Ni kazi nzuri, hatuidharau, hospitali zimeitumia miaka mingi. Lakini ni wastani wa watu wengine. Fomula za aina hiyo zimekuwa nyingi, na ndio maana saa yako siku ya kwanza inakuuliza uzito, urefu na mwaka wa kuzaliwa.

Na sisi tunajibu nini? Wengi wetu kwenye kadi tumezaliwa tarehe 1 Januari, juu siku ya kuandikishwa hakuna aliyekuwa na cheti. Tena saa moja hapa inavaliwa na watu sita au saba kwa zamu, na ndani yake kuna uzito wa yule aliyeifungua kwenye boksi. Kijana wa kilo 52 anakimbia na mwili wa mtu mwingine wa kilo 70, saa haina habari.

Kampuni ya Polar ya Finland ilianza mwaka 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaleta kifaa cha mkononi kinachopokea mapigo ya moyo bila waya kutoka kwenye mkanda wa kifuani. Siku hizi mkanda si lazima. Taa ya kijani inamulika ngozi, damu inayopita inanyonya sehemu ya mwanga, na saa inahesabu jinsi mwanga unavyopanda na kushuka. Kuna pia kifaa kidogo ndani kinachohisi mtikisiko wa mkono. Kwa hiyo saa inahisi vitu viwili, mapigo na mtikisiko, na nyingine zinapata njia yako kwa satelaiti. Kalori haihisiwi. Inapigiwa hesabu tu kutoka kwenye hivyo, na fomula yenyewe kwa kawaida ni siri ya kampuni.

Hesabu hiyo inategemea wazo kwamba moyo ukipiga zaidi, umetumia nguvu zaidi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ila moyo hupiga haraka pia kwa jua kali, kwa kukosa maji, kwa upungufu wa damu, kwa homa ya malaria, kwa hofu. Sisi tunayajua hayo yote. Ukikimbia siku mbili baada ya kutoka kwenye malaria, saa itakupongeza kwa kalori nyingi, wakati mwili unalia tu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la aina saba za saa kwa watu 60 waliotembea, waliokimbia na walioendesha baiskeli huku pumzi yao ikipimwa. Kwa mapigo ya moyo, saa sita kati ya saba zilikosea chini ya asilimia 5. Kwa kalori, ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Waliona pia kwamba makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Saa zile sasa ni za zamani, na mapya yanatoka kila mwaka. Sisi tunasema hivi: anayetaka tumwamini kuhusu kalori atuonyeshe vipimo vya pumzi, na atuonyeshe alimpima nani.

Tuweke kwenye unga. Mwaka 1963 Rodolfo Margaria na wenzake wa Milano, Italia, walionyesha kwamba kukimbia kwenye tambarare kunagharimu karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, iwe unakimbia haraka au polepole. Mtu wa kilo 55 akikimbia kilomita 10 ametumia kama 550. Ni makadirio pia, milima na mchanga vinaongeza, lakini unaona kilichomo ndani na unaweza kupiga kwa kalamu. Sasa saa ikikosea asilimia 27, itasoma 400 au 700. Hizo 150 ni kama gramu 40 za unga wa mahindi. Ukiipunguza kila siku kwa mwezi kwa sababu ya saa, umejinyima zaidi ya kilo moja ya unga.

Kuna njia moja inayopima siku nzima ya mtu bila chumba wala barakoa: anakunywa maji yenye alama maalumu, kisha mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa. Nathan Lifson wa Marekani alianza nayo kwa wanyama katika miaka ya 1950; kwa binadamu ilitumika kuanzia mwaka 1982. Kwa njia hiyo Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadza 30 karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wakachapisha mwaka 2012. Wahadza wanatembea sana kila siku kutafuta mizizi, asali na nyama. Lakini ukizingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu zao kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anaona kwamba mwili unaofanya kazi sana unabana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo. Hata hivyo saa haibani kitu, inajumlisha tu.

Na mwili unapobana sana, mtu anaumia. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya wanamichezo wanaokula chini ya wanachotumia: msichana anakosa hedhi, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, na wanaume nao hawasalimiki. Tamko lile halikuandikwa kwa ajili ya kambi, lakini dada yetu yule aliyeambiwa apunguze ni mtu wa namna hiyo hasa.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna neno pia. Namba yenu ya 2,100, ile kalori ya kupangia mgao wa mtu mmoja kwa siku, nayo ni wastani: watoto, wazee, wanaume na wanawake wamechanganywa, na inachukulia kazi nyepesi. Miongozo yenyewe inasema irekebishwe kulingana na baridi, afya na kazi za watu. Mkimbiaji wa miaka 17 hayumo humo, na tangu migao ikatwe, hata hiyo 2,100 kwa wengi imebaki kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu asije na saa kutuambia nani ameshiba.

Saa hatuzirudishi. Zinapima muda vizuri, kilomita si mbaya, na mapigo ya asubuhi kabla ya kuamka kitandani yanasaidia: yakipanda siku mbili tatu mfululizo, mtu anapumzika au anaenda kupima malaria. Kwenye saa zinazoruhusu, tumeondoa kalori kwenye kioo. Tuna daftari lenye jina la kila mkimbiaji, kilomita zake, mapigo yake na uzito wake wa kila mwezi. Kitu tunachokosa ni mizani. Ya zahanati iko mbali na foleni yake ni ndefu, kwa hiyo safari ijayo, badala ya saa ya nane, mtuletee mizani moja.