Katito, Njia Panda Yetu: Historia Fupi ya Mahali Kwaya Ilipozaliwa



Kamati ya jubilei ilituomba tuandike historia ya kwaya. Tulipofungua madaftari ya zamani ya mahudhurio, tuliona kwamba historia hiyo haisimuliki bila ya Katito yenyewe. Kuna majina yanayoonekana kila Jumamosi kwa miaka, kisha ghafla hayaonekani tena. Ukiuliza sababu, utaambiwa habari za barabara, za mvua, za kazi na za ugonjwa. Kwa hiyo tumeanza na mahali.

Katito ni mahali pa kuagana. Barabara itokayo Kisumu kupitia Ahero ikifika hapa inagawanyika: moja inakwenda Sondu, Oyugis na Kisii, nyingine inashika Pap Onditi, Kendu Bay na Homa Bay. Juu yetu kuna mwinuko wa Nyabondo, maarufu kwa matofali yake. Chini yetu ni uwanda unaoteremka hadi Ghuba ya Winam. Sisi ni Jo-Nyakach, ukoo mmoja katika jamii kubwa ya Waluo, na jirani zetu wa upande wa mlimani ni Wakipsigis. Kabla shilingi haijajulikana, wazee wetu walipeleka nafaka na kurudi na mifugo. Mpaka leo soko la Sondu linatukutanisha, hata baada ya nyakati ambazo ujirani huo uliingia doa.

Walioondoka

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Haukupita muda mrefu kodi ya nyumba ikaja, na kodi ilitaka pesa taslimu. Mashamba ya chai yalipofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, vijana wa huku walipanda mlima kutafuta pesa hizo. Wengine walilima pamba hapa uwandani, hadi soko lake lilipoporomoka. Wamishenari nao walikuwa wameanza kazi Maseno na Gendia mwaka huo mmoja, 1906. Nyimbo tulizozikuta kanisani zilifika kwetu kwa miguu, zikibebwa na walimu na wainjilisti waliotembea kijiji hadi kijiji.

Zamani msafiri wa Kendu Bay au Homa Bay aliweza kupanda meli Kisumu. Meli zilipopungua, na gugumaji likafunika ghuba katika miaka ya 1990, magari ya barabarani yakawa ndiyo tegemeo. Hapo soko letu likazidi kukua: omena kutoka ufuoni, mchele wa Ahero, ndizi za Kisii, na bodaboda pembeni wakisubiri abiria. Serikali nayo ilituhamisha bila sisi kuhama: tulikuwa Wilaya ya Kisumu, mwaka 1998 tukawa Nyando, na sasa ni Nyakach ndani ya Kaunti ya Kisumu. Katiba yetu ya kwaya ina mihuri ya kusimulia hayo.

Ardhi iliyoondoka

Si watu peke yao walioondoka. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha ambayo wazee hawaisahau. Ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964. Huku kwetu maji ya mlimani yalifuata njia za ng'ombe, yakazichimba zikawa makorongo. Udongo wa Katuk Odeyo ni wa aina inayoyeyuka upesi ukipata maji. Miti ilipokatwa kwa ajili ya makaa, na mifugo ikamaliza nyasi, hakukuwa na kitu cha kuushika. Leo makorongo hayo yanaweza kumeza nyumba, na wageni huja kuyapiga picha. Sisi tunayajua kwa namna nyingine: ni sababu ya mwanakwaya kufika mazoezini amechelewa, matope hadi magotini, kwa kuwa kijia alichopita wiki jana hakipo tena.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na watu wa ufukweni wakahama na vitanda vyao. Wengine walilala katika madarasa ambamo baadhi yetu tunafundisha. Tulikwenda kuwaimbia, tukakuta kwamba walichohitaji kwanza ni blanketi na unga. Tukaimba baada ya hapo.

Majina yaliyonyamaza

Sasa turudi kwenye madaftari. Kurasa za miaka ya 1990 ni ngumu kuzisoma. Wakati huo wengi wetu tulioko kamati leo tulikuwa watoto wa shule ya Jumapili. Tulichojua ni kwamba kwaya ilikuwa matangani karibu kila mwisho wa wiki. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Ulisemwa kwa mafumbo, na mara nyingine aliyeugua alilaumiwa kuwa amevunja mwiko na kupatwa na chira. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, na dawa zikawa za bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Kati ya miaka hiyo, besi ilibaki na watu wawili. Soprano waliobaki walilea watoto wa wenzao pamoja na wa kwao.

Tunaandika hili kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu kuna jambo tunalopaswa kuungama. Wapo wenzetu walioacha kuja mazoezini si kwa kuugua, bali kwa namna tulivyowatazama. Daftari limewaandika "hayupo". Halikuandika kwamba sisi ndio tuliosogeza benchi. Jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kuachilia na wa kurudisha kila mtu nyumbani kwake. Basi tunaomba radhi kwa familia hizo, na viti viko wazi.

Waliobaki na waliorudi

Hata hivyo Katito haikufa. Mradi wa umeme wa Sondu Miriu, uliokamilika mwaka 2008, ulipitisha maji ya mto ndani ya handaki la zaidi ya kilomita sita ili kuzalisha megawati 60, na ujenzi wake uliwapa kazi baadhi ya vijana waliokuwa wameshafunga mizigo. Katika bonde la chini la Nyando wakulima walianza kufuga mbuzi wa Galla, kupanda miti na kuzuia maji mashambani. Pale walipofanya hivyo kwa pamoja, nyasi zimerudi. Korongo halizibwi na mtu mmoja, kama vile wimbo wa sauti nne hauimbwi na mtu mmoja.

Kwa hiyo tunaacha maombi mawili. La kwanza, kila mzee aliyewahi kuimba nasi atupe saa moja ya kumbukumbu zake kabla ya mwisho wa mwaka. Tutamfuata hadi nyumbani na daftari jipya. La pili, baada ya ibada ya leo kila sauti itachukua miche yake iliyopangwa nyuma ya kanisa, tuipande ukingoni mwa korongo. Wenye besi, tafadhali msiwaachie akina mama kazi yote.

Kwa wote waliotutangulia, asanteni kwa kutufundisha kuimba. Kwa mlio mbali, Kericho, Nairobi na ng'ambo, njia panda ni ile ile. Mkishuka hapo, mtatusikia tukifanya mazoezi.

Mungu awabariki. Nyasaye ogwedhu.

Katibu, kwa niaba ya kwaya