Maswali Kumi ya Kliniki Yalitoka Wapi?

Leo turudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu ya jambo linaloweza kukukuta siku utakapompeleka mtoto kliniki.

Umeketi kwenye benchi na kadi ya mtoto mkononi. Anakuja msichana mwenye beji ya chuo. Anasema yeye ni mwanafunzi wa saikolojia, yuko hapo kujifunza kazi ya utafiti, na anaomba kukuuliza maswali kumi kuhusu ulivyojisikia siku saba zilizopita. Bado unacheka jambo likichekesha? Unajilaumu bila sababu? Unalia? Huenda ukajiuliza: huyu mtoto wa watu ananitafutia nini?

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na Daktari J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, na humo alidai kwamba ugonjwa wa huzuni, yaani sonona, ni nadra kwa Waafrika. Lakini fikiria ni nani aliyefikishwa Mathari siku hizo. Ni yule aliyepiga watu au kuzurura ovyo. Mama aliyelia kimya kimya jikoni, mtoto akiwa mgongoni, nani angempeleka? Daktari hakumwona, akaandika kama kwamba hayupo.

Jirani zetu Waganda walikuwa na jina la maradhi ya mzazi anayechanganyikiwa baada ya kujifungua: amakiro. Walisema chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba, hivyo mama aliugua na juu yake akabeba aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alikwenda Kasangati, karibu na Kampala. Hakungoja wagonjwa waletwe hospitalini. Alizungumza na wajawazito 263 waliokuja kliniki kama wewe. Kati ya wale waliofuatiliwa baada ya kujifungua, karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na sonona. Baadaye alipowachunguza akina mama wa Scotland, idadi haikuachana sana na hiyo.

Huko Scotland, Cox na wenzake Holden na Sagovsky walitunga yale maswali kumi, wakayachapisha mwaka wa 1987. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ikiwa 30. Mimi hupenda jambo moja: hayaulizi kama umechoka. Mama gani mwenye mtoto mchanga hajachoka? Yanauliza kama huzuni ndiyo inayokunyima usingizi, hata mtoto akiwa amelala.

Swali la kumi ndilo gumu. Linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Wengi hulijibu "hapana" haraka haraka, na hofu hiyo ina historia yake, kwani kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na hata zamani, kuwaza tu hakukuwa kosa. Kwa hiyo sema ukweli. Mwanafunzi huyo hana ruhusa ya kukutibu. Kazi yake ni kukupeleka kwa muuguzi au daktari siku hiyo hiyo.

Kabla hajaanza, anapaswa kukueleza utafiti wake ni wa nini na nani ataona majibu yako. Muulize. Ukikataa, chanjo ya mtoto utapata vilevile. Ukikubali, omba mketi kando, mbali na masikio ya foleni. Na kama umekwenda na mama mkwe, una haki ya kumwomba ambebe mjukuu wake nje kidogo mpaka mmalize.